Mahindi ya njano palipokuwa na maranda, palipokuwa na zizi zamani ni kijani kabisa. Nini kinatokea?

Kinyungu_Juu
Habari wakuu, naombeni mnielimishe. Nimekodi heka mbili huku Mufindi, kona moja msimu uliopita ilikaa mashine ya ding dong wakawa wanapasua paini, walipoondoka wakaacha lundo la maranda, mwenye shamba akaingiza trekta yote yakachanganyika na udongo halafu ananiambia hiyo ni mboji umepata bure. Nimepanda siku moja, mbegu moja, mbolea ya kupandia ya DAP kipimo kilekile shamba zima. Sa hivi mahindi yako magotini, pale kwenye maranda yamedumaa na njano imekolea, inaanza majani ya chini, inaingia kwenye ncha ya jani na kufuata uti wa katikati kama herufi V, majani ya juu angalau yana ukijani. Upande wa pili ambako zamani kulikuwa na zizi la ng'ombe mahindi ni kijani mpaka yanataka kuwa meusi. Jirani mmoja anasema paini ina sumu, mwingine anasema asidi.

Swali la kwanza, kama vitu vinavyooza ndo mbolea, hapa imekuwaje? La pili linanisumbua tangu shule, tuliambiwa hewa ni 78% nitrojeni, sasa kwanini nanunua mbolea ya urea wakati mahindi yamesimama ndani ya nitrojeni usiku na mchana?

ChokaaKwanza
Asidi hiyo mkuu, udongo wa huko wenyewe una asidi hata bila paini. Mwaga chokaa. Au msimu ukiisha yachome hayo maranda, majivu ni dawa.

Tichaa_wa_Shamba
Mkuu ChokaaKwanza, chokaa huko Mufindi sio ushauri mbaya na siupingi, ila hiyo njano aliyoieleza sio ya asidi. Majani ya chini kwanza, V kutoka kwenye ncha, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea ukikosa nitrojeni unainyonya kutoka majani ya zamani unapeleka kwa machanga, ndo maana ya juu bado yana rangi. Ingekuwa upungufu wa salfa au chuma ungeona majani machanga ndo yanaanza.

Sasa kwanini maranda yalete njaa. Kinachoozesha kitu ni vijidudu, bakteria na fangasi, na hao wanakula vitu viwili kwa pamoja, kaboni na nitrojeni, sawa na mtu na ugali na mboga. Kaboni ndo ugali, wanapata nguvu humo. Nitrojeni ndo mboga, wanajengea miili. Mwili wa bakteria una kaboni kama 8 kwa nitrojeni 1, ila kwenye kaboni anayokula sehemu kubwa, kama theluthi mbili, anaitoa kwa kupumua inarudi hewani kuwa hewa ukaa, kwahiyo chakula kinachomtosha bila kuomba kwa jirani ni kile chenye kaboni kama 24 kwa nitrojeni 1. Mbolea ya kuku ina kama 10 kwa 1. Majani mabichi ya jamii ya kunde 15 hadi 20. Mabua ya mahindi yanakaribia 60. Maranda ya paini? Mia tatu na kupanda huko, 300 kwa 1, 400 kwa 1, ugali mtupu.

Vijidudu wakipewa lundo la namna hiyo wanaongezeka haraka na mboga wanaitafuta mahali pengine, nayo iko pale pale kwenye udongo, ile nitrojeni ya nitreti na amonia ambayo mahindi yako yalikuwa yanaitegemea pamoja na ile kidogo iliyokuwa kwenye DAP. Wako wengi na wamezingira kila chembe ya udongo, mzizi hauwawezi. Mahindi yanashindwa chakula na vitu visivyoonekana kwa macho. Kule kwenye zizi ni kinyume, samadi ya zamani ina nitrojeni kuliko wanavyohitaji, ya ziada wanaiachia na mahindi yanakula.

Na hapo kwenye zizi pia usisahau, ile nitrojeni haikuzaliwa pale. Ng'ombe walikuwa wanachunga huko mabondeni mchana, wanarudi kulala, wanaiweka chini. Miaka yote hiyo walikuwa wanakuhamishia rutuba ya kijiji kizima kwenye kakona kamoja.

Kuhusu kuchoma, mi nakataa. Ukichoma, kaboni inaondoka na nitrojeni nayo inaondoka na moshi, kinachobaki kwenye majivu ni fosforasi, potasiamu, chokaa chokaa. Kwenye maranda nitrojeni ni kidogo kwahiyo hasara si kubwa, lakini moto haushiki maranda peke yake, unakula na mabua na mizizi na ile mboji nyeusi ya juu.

Kinyungu_Juu
Tichaa nimekusoma vizuri sana. Sasa hiyo nitrojeni iliyoliwa imepotea moja kwa moja au?

Tichaa_wa_Shamba
Haijapotea, imefungiwa tu. Vijidudu nao wanakufa, wanaliwa na wadudu wengine wadogo udongoni, na kadri maranda yanavyopungua (kaboni inapumuliwa hewani kila siku, nitrojeni inabaki) ule uwiano unashuka, 300 inakuwa 100, inakuwa 40, ikifika kwenye ishirini na kitu wanaanza kuachia. Mabua yangechukua miezi. Maranda ya paini yana ligini nyingi (kile kinachoupa mti ugumu), ni magumu kuoza, na baridi la huko Mufindi linachelewesha, kwahiyo hesabu msimu huu na unaofuata kona hiyo itakusumbua, baada ya hapo itakuwa na udongo mzuri kuliko sehemu zote isipokuwa zizini. Mwenye shamba hakukudanganya, aliharakisha tu kuliita lundo mboji.

MamaVifaranga
Kaka yangu hayo maranda sisi wafugaji wa kuku tunayanunua! Natandika bandani, kuku wanakaa juu yake wiki tano wanayanyea, yakitoka hapo nayarundika nje yanapata moto yenyewe mpaka ukiingiza mkono unautoa mbio, yakipoa naweka kwenye mboga za majani na hazijawahi kuwa njano. Naona sasa hesabu ya Tichaa inaeleza kwanini. Hata ile harufu kali ya bandani inayochoma macho, nikiongeza maranda makavu inapungua.

Tichaa_wa_Shamba
Mama hapo umemaliza. Harufu hiyo ni amonia, ni nitrojeni yako inatoroka hewani. Maranda yanakausha unyevu na yanawapa vijidudu kaboni ya kutosha kuikamata kabla haijatoroka.

Soya_na_Mbaazi
Nijibu swali la pili maana wote mmelikwepa.

Mahindi yamesimama ndani ya nitrojeni kweli, ila zile chembe za hewani zinakaa mbili mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, mmea hauna uwezo wa kuzitenganisha. Angalia tofauti na kaboni. Hewa ukaa ni 0.04% tu ya hewa, ndogo mno, lakini jani linaikamata lenyewe kwa jua na maji bila kuomba mtu, na karibu nusu ya uzito mkavu wa hindi lako ni kaboni iliyotoka hewani. Ndo maana duniani hakuna duka linalokuuzia mfuko wa kaboni ya kukuzia mahindi.

Nitrojeni inashuka toka hewani kwa njia chache. Radi inashusha kidogo. Bakteria fulani wanaweza, wakiwemo rizobia wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, soya, mbaazi, na kazi hiyo wanaifanya kwenye ubaridi huo huo wa udongo wako. Binadamu ameiweza tangu Fritz Haber kule Ujerumani mwaka 1909, kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau 1913, na inahitaji joto la digrii 400 na kitu na mgandamizo mkubwa kweli. Hiyo nishati yote ndo unailipia kwenye mfuko wa urea.

Halafu piga hesabu ya kinachoondoka. Gunia la mahindi la kilo 100 lina nitrojeni kama kilo moja na nusu, la maharage kilo tatu na nusu hivi. Ukiuza magunia 20 ya mahindi umepakia kwenye fuso kilo 30 za nitrojeni zinaenda Dar, zitaliwa, zitaishia chooni na baharini, hakuna fuso linalozirudisha. Kaboni uliyouza nayo itapumuliwa na mlaji na upepo utakurudishia bure.

Na wanaosema panda maharage udongo utajaa mbolea, pole pole. Maharage ya kawaida ni mvivu kwenye kazi hii, soya na mbaazi wanamzidi. Nitrojeni nyingi inaingia kwenye punje, na sisi tunang'oa shina lote na mizizi, tunapeleka kupigia nyumbani, maganda tunachoma. Shambani kimebaki nini? Pigia shambani au rudisha maganda. Ila kwa hiyo kona ya maranda mi ningepanda soya msimu ujao bila kufikiria, maana udongo ukiwa na njaa ya nitrojeni ndo vinundu vinaongezeka, soya haitagombania na mtu. Mbegu uipake rizobia kabla ya kupanda. Ikifika kwenye maua ng'oa mche mmoja upasue kinundu, kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakuna kitu.

Kinyungu_Juu
Shukrani wakuu. Sasa mahindi yaliyopo niyaache yafe au yanaokoleka?

Tichaa_wa_Shamba
Yanaokoleka kama hayajatoa mbelewele. Kadirio la kawaida, kila kilo 100 za maranda makavu zinataka kama kilo 1 ya nitrojeni, yani urea kilo 2 na kitu (mfuko wa kilo 50 una nitrojeni 23). Usiweke yote kwa mkupuo, gawa mara mbili, karibu na shina na ufukie. Urea ukiiacha juu ya udongo inageuka amonia inaruka, na ukiiweka mvua kubwa ikiwa inakuja nitreti inazama chini kuliko mizizi. Kama kuna sehemu maji yanatuama hapo usiweke kabisa mpaka pakauke, vijidudu wa kwenye maji wanaigeuza kuwa gesi, na sehemu yake ni ile oksidi ya nitrojeni (N2O) ambayo kwenye kupasha dunia joto inaizidi hewa ukaa zaidi ya mara 250.

Na yale mabonge ya maranda ambayo trekta halikuyachanganya, yakokote uyatandaze juu tu kwenye njia au chini ya maparachichi kama unayo. Yakiwa juu yanagombania na udongo pale yanapogusa tu, hayafiki kwenye mizizi.

MamaVifaranga
Au asiyatandaze popote, yakiwa makavu na hayana ukungu aniuzie.