CD 340 na kanda 120 za marehemu baba: je, ninunue seva ya nyumbani?

Mwana wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Marehemu baba ametuachia CD 340 na kanda za kaseti 120 zilizokaa miaka mingi kwenye kabati la sebuleni hapa Tabata, na ndugu zangu wamenikabidhi jukumu la kuzihifadhi kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na amplifaya yake na zile spika mbili kubwa. Nia yangu ni kuuhamishia muziki wote kwenye kompyuta, kisha niweze kuuchagua kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kochi, na usikike kupitia spika zilezile. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue seva ndogo ya nyumbani yenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja, zinazonakiliana zenyewe, na amenihakikishia kwamba nikiwa nayo sitahitaji kitu kingine. Bei yake imenitia kizunguzungu.

Naomba kuuliza mambo matatu: nafasi kubwa kiasi hicho inahitajika kweli? Nihifadhi kwa FLAC, au MP3 inatosha? Na kusikiliza kwa Wi-Fi kutanimalizia bando? Niongeze tu kwamba umeme wa mtaani kwetu hukatika bila kupiga hodi.

Babu Santuri

Kijana wangu, pole kwa msiba. Kabla hujatoa hata shilingi, tupige hesabu. CD ya muziki hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila mkondo kati ya miwili, wa kushoto na wa kulia, na kila sampuli ina biti 16. Kwa lugha ya dukani, hiyo ni kama megabaiti 10 kwa dakika. FLAC huubana muziki huo bila kutupa chochote, na mara nyingi huufikisha kwenye nusu hadi theluthi mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo CD ya kawaida itachukua megabaiti 350 hivi. Zidisha kwa 340, utapata takriban gigabaiti 120. Kanda zako, hata ukizirekodi kwa biti 24, zikiwa za dakika 60 hazitafika gigabaiti 120 nyingine. Mali yote ya marehemu inaenea kwenye diski moja ya nje ya terabaiti 1, na bado theluthi mbili na zaidi zitabaki tupu. Terabaiti 4 ni za nini?

Lakini linalonikera zaidi ni hilo neno kwamba hutahitaji kitu kingine. Diski mbili zilizo ndani ya boksi moja hukulinda na jambo moja tu, nalo ni diski moja kufa. Umeme ukirudi kwa kishindo, mwizi akiingia, au wewe mwenyewe ukifuta folda kimakosa usiku ukiwa na usingizi, zote mbili zinaondoka pamoja, maana diski zinazonakiliana huiga kila kitu, hata kosa. Nunua diski mbili za kawaida. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa ndugu yako anayeishi mbali na hapo, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili uiongezee yale uliyokwisha kunakili. Ukinunua, ijaribu kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuiamini. Mimi niliwahi kuuziwa flashi iliyoandikwa gigabaiti 512 ambayo ukweli wake ulikuwa 32. Ilipokea faili zangu zote kwa adabu na kuonyesha majina yake, ila nilipozicheza, karibu zote zilikuwa bubu.

Kuhusu FLAC na MP3, sitakudanganya: kwa masikio yangu ya uzee, na feni ikiwa inazunguka, siwezi kutofautisha MP3 ya kilobiti 320 na CD yenyewe. Hata hivyo hifadhi kwa FLAC, kwa sababu kutoka humo unaweza kutengeneza MP3 za simu na za gari wakati wowote, ilhali kilichotupwa na MP3 hakirudi tena.

Bando halihusiki. Muziki unatoka kwenye diski yako, unapita kwenye ruta yako, unafika kwenye spika zako; haujatoka nje ya nyumba. Kinachohitajika ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya bure ya Volumio au moOde, ambayo utaiunganisha na amplifaya kupitia kigeuzi cha sauti cha USB, kisha utaiamuru kwa simu. Adui yake ni huko kukatika kwa umeme, kwa sababu kadi ya kumbukumbu inayoiendesha huweza kuharibika ikizimika ghafla. Iwekee betri ya akiba, pamoja na ruta, na muziki usiuweke kwenye kadi hiyo bali kwenye diski ya pembeni.

Bi Kaseti wa Upanga

Mzee Santuri amemaliza habari ya mashine, nami naomba niingilie kwenye kunakili kwenyewe, kwani hapo ndipo kazi ilipo.

Kwa CD, kama unatumia Windows, tumia programu ya kunakili CD iitwayo Exact Audio Copy na uwashe AccurateRip, ambayo hulinganisha nakala yako na za watu wengine walionakili CD hiyohiyo; zikilingana, unaweza kuiweka CD kabatini bila wasiwasi. Usishangae ikikuambia kwamba haiitambui, maana CD nyingi za bendi zetu hazimo kwenye orodha yake. Angalia pia mgongo wa kila CD. Zile zenye rangi ya kijani au buluu ni za kuchomwa kwenye kompyuta, rangi yake huchakaa, na ndizo za kunakili mwanzo kabisa. Nyingi za aina hiyo tulizonunua mitaani zilichomwa kutoka kwenye MP3. Ifungue faili kwa programu ya Spek: ukiona mchoro wa sauti umekatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, ujue huenda asili yake ni MP3, na kuiita FLAC hakutaiongezea kitu.

Kanda ni habari nyingine. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, kwa hiyo zako ni saa 120. Kabla ya kuicheza yoyote, ishike kwenye mwanga na uchungulie dirisha lake dogo. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu wa hewa yetu hii ya pwani. Usiicheze, kwa sababu utaupaka kwenye deki na deki itaupaka kwenye kanda zinazofuata. Itenge ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zilizo safi zizungushe kwanza hadi mwisho na kurudi, kisha safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti.

Usichomeke deki kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, kwa sababu tundu hilo hukuza sauti kupita kiasi na mara nyingi huchanganya mikondo miwili kuwa mmoja. Tumia kifaa cha kurekodia cha USB chenye tundu la laini (line in), yaani la kupokea sauti kutoka kwenye deki au redio. Rekodi kwa programu ya Audacity, na vilele vya sauti visizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Upande mzima uhifadhi kama ulivyo, na kukata nyimbo kufanyike kwenye nakala. Nasema hivyo kwa majuto: kwenye kanda za mama yangu, alizorekodi kutoka redioni, nilifuta sauti za watangazaji kati ya wimbo na wimbo, na sasa ndizo ninazozitamani.

Kijana wa Kinondoni

Jambo dogo tu. Panga majina kabla hazijawa nyingi. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz baadaye imeitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Usipokuwa makini programu itakuonyesha bendi nne. Mimi huandika jina la wakati wa kurekodi kwenye nafasi ya msanii, na kwenye nafasi ya msanii wa albamu huandika Msondo Ngoma kwa zote. Fanya vivyo hivyo kwa Mlimani Park na Sikinde, ambayo ni majina ya bendi moja.

Mwana wa Tabata

Shikamoo Mzee Santuri, na asanteni nyote. Seva nimeiacha dukani. Nimenunua diski mbili, zote zimefaulu jaribio, na ya pili itakwenda kwa dada yangu Morogoro. Jana usiku nimeanza na kanda, na kumi na moja nimezitenga kwa ukungu. Nina tatizo moja: kanda ya kwanza imesikika vizuri, ila ya pili, yenye mwandiko wa baba, inasikika kama muziki uliofunikwa na blanketi. Imeharibika?

Bi Kaseti wa Upanga

Huenda haijaharibika, kaka. Pengine baba aliirekodi kwenye redio kaseti ambayo kichwa chake kiliinama kidogo tofauti na cha deki yako. Kando ya kichwa kuna skrubu mbili ndogo, na mara nyingi ile yenye springi ndiyo ya kurekebishia. Kwanza itie alama ya kalamu ilipo sasa, changanya mikondo miwili iwe mmoja (mono), kisha kanda ikiwa inacheza izungushe taratibu, kidogokidogo, mpaka njuga na sauti za "s" zitoke wazi kabisa. Rekodi hapo. Ukimaliza irudishe kwenye alama, na kanda nyingine zenye mwandiko huo ziweke pamoja, kwani zikiwa zimetoka kwenye redio hiyohiyo, zitataka marekebisho yaleyale.