Udugu wa Kiarabu unaotajwa mikutanoni ni upi, wakati raia hana pa kushtaki?

Wakuu, leo nimesoma tamko jingine la "mshikamano wa ndugu Waarabu" na nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nilikuwa Doha, mji mkuu wa Qatar, tarehe 5 Juni 2017. Tumo ndani ya Ramadhani, watu wamefunga, na tunaamka tunasikia Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zimevunja uhusiano na Qatar. Mpaka wa nchi kavu Qatar inao mmoja tu, wa Salwa, upande wa Saudia, na malori ya chakula yalipita hapo; nao ukafungwa. Jioni nilikwenda dukani kutafuta maziwa ya futari. Rafu nzima nyeupe, imebaki vibandiko vya bei. Akina mama wanajaza matoroli mchele na kuku wa barafu. Siku chache baadaye maziwa yakaja, katoni zimeandikwa Kituruki. Iran nayo ikaleta chakula kwa ndege. Ndugu wa damu wamefunga mlango, wageni ndio wametulisha!

Kilichoniuma zaidi ni jirani yetu, Mqatari aliyeoa Bahrain. Serikali ya mkewe ilitaka raia wake warudi kwao ndani ya siku 14. Kila magharibi nilimwona yule mama kibarazani, tende mkononi hajaila, simu sikioni, anaongea na mamake huku analia. Achague mume au mzazi. Kwa kosa gani? Hata ngamia wa Qatar waliokuwa malishoni Saudia walifukuzwa kwa maelfu.

Sasa hivyo vyombo vya umoja vilikuwa wapi? Baraza la Ushirikiano la Ghuba lipo tangu 1981, na kifungu cha 10 cha mkataba wake kinaweka tume ya kusuluhisha migogoro. Haikuitwa. Aliyehangaika huku na huku ni Amiri wa Kuwait, mzee wa watu, kwa juhudi zake. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ndiyo kabisa: mkataba wa 1945 uliandika kwamba uamuzi wa wengi unamfunga yule tu aliyeukubali. Umoja gani wa kujifunga ukipenda? Nao jirani zetu wa Komoro, wanachama tangu 1993, wakakimbilia kuvunja uhusiano na Qatar. Qatar iliwakosea nini Wangazija?

Na msidhani ni Ghuba peke yake. Mpaka wa Moroko na Algeria umefungwa tangu 1994, na wakuu wa nchi za Umoja wa Maghreb, ule wa Waarabu wa Afrika Kaskazini, hawajakutana tena tangu mwaka huo huo.

Januari 2021 wakubwa walikumbatiana Al-Ula, huko Saudia, mpaka ukafunguliwa. Sawa, Alhamdulillah. Lakini yule mama angeshtaki wapi? Mahakama ya Kiarabu ya Haki za Binadamu ilipitishwa 2014, makao yakapangwa Manama, huko huko Bahrain, na mwaka 2017 ilikuwa bado iko kwenye karatasi. Sisi na kasoro zetu zote, mwananchi anaweza kuipeleka serikali yake Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki.

Mliowahi kuishi Ghuba, nijibuni: kulikuwa na mlango gani wa kubisha siku ile?