Mjadala: Ndege ya kivita yenye injini ya mgeni ni ya taifa gani?

MWANZILISHI WA MADA, MJI MKONGWE

Assalaamu alaykum. Mada hii ilizuka barazani. Jioni moja pale Jaws Corner televisheni ilikuwa ikionesha ndege mpya ya kivita ya Uturuki, KAAN, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 21 Februari 2024 na kukaa hewani dakika 13. Vijana walifurahi, na mmoja wao akasema kwamba hatimaye Waturuki wamejitengenezea ndege yao bila ya kumpigia mtu magoti. Mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi wa mashine za meli, akakiweka chini kikombe chake na kuuliza: "Na injini?" Injini zake ni mbili, aina ya F110, za kampuni ya General Electric ya Marekani. Baraza ikanyamaza kidogo, na muuza kahawa akaendelea kuzungusha dele lake.

Swali ninalolileta ni hilo la mzee, nikilipanua: ndege iliyochorwa na kuunganishwa nyumbani, lakini ikawa inaruka kwa nguvu za teknolojia ya kigeni, ina haki ya kuitwa ndege ya taifa? Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga asipate tabu ya kuutafuta. Sioni kuwa asili ya kila kipande ndiyo kipimo, kwa sababu kwa kipimo hicho hata baiskeli ya Mzungu haina taifa. Kipimo changu ni kimoja: ukishalipa, ukishaunda, ukishapaka rangi za bendera yako, nani bado ana uwezo wa kukwambia hapana?

Nianze na Misri, kwa kuwa wengi tumeisahau. Tarehe 7 Machi 1964, Mapinduzi yetu hayajatimiza hata miezi miwili, ndege ya kivita iitwayo HA-300 iliruka Helwan, kusini ya Cairo. Mchoraji wake alikuwa Mjerumani, Willy Messerschmitt, aliyeianza kazi hiyo Hispania. Injini yake ilikuwa mikononi mwa Ferdinand Brandner wa Austria. Na rubani aliyeirusha siku hiyo alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava, kwa sababu India ilishirikiana na Misri ikitaraji kuipata injini hiyo kwa ajili ya ndege yake yenyewe, Marut, ambayo nayo ilichorwa na Mjerumani mwengine, Kurt Tank. Mwaka 1969 mradi wa Misri ukafutwa. Leo anayetaka kuiona ndege ile ya kwanza ya "taifa" la Misri hupanda ndege nyengine akaenda kuitazama katika makumbusho karibu na München.

India haikukata tamaa, na habari zake ndizo zenye mafunzo mengi zaidi. Ndege yake ya Tejas ilianza kufikiriwa katika miaka ya 1980, na pamoja nayo ukaanzishwa mradi wa injini ya nyumbani, Kaveri. Mei 1998 India ikafanya majaribio ya silaha za nyuklia, Marekani ikaweka vikwazo, na wahandisi wa Kihindi waliokuwa wakishirikiana na Lockheed Martin juu ya mfumo wa kuiongoza ndege wakarudishwa kwao. Walichokifanya baada ya hapo kinastahiki heshima: waliimalizia programu ile wenyewe, na Tejas ikaruka Januari 2001. Kaveri, hata hivyo, haikufikia nguvu iliyotakiwa, na mwaka 2008 ikatenganishwa na Tejas, iliyobaki na injini ya F404 ya General Electric. Kisha, Februari 2021, serikali ikaagiza Tejas 83 za toleo jipya, na makabidhiano yaliyotarajiwa kuanza mwaka 2024 yakachelewa, kwa sehemu kubwa kwa sababu injini hazikufika kutoka Marekani hadi Machi 2025. Safari hii hapakuwa na kikwazo wala ugomvi. Kiwanda cha mbali kilichelewa tu, na jeshi zima la anga likakaa kungoja.

Watu wa Unguja hatuna haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Mei 2008 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara ulipopata hitilafu, tulikaa gizani takriban mwezi mzima, na Disemba 2009 mambo yakarudi tena, mara hii kwa miezi mitatu. Nyumba zilikuwa zetu, taa zetu, mafriji yetu. Nakumbuka mama yangu akitoa samaki barafuni asubuhi ya siku ya pili, akiwapaka chumvi mmoja mmoja, na pampu ya maji ya mtaani ikiwa imenyamaza kama kaburi. Hakuna aliyetukatia kwa uadui. Lakini swichi haikuwa kwetu.

Karibuni.

MCHANGIAJI, WETE

Maalim, shikamoo, na ahsante kwa mada. Nitakupinga kwa adabu, lakini nitakupinga.

Umechagua mifano ya walioanguka. Mimi nitakupa ya waliofika. Mwaka 1946 Uingereza iliwauzia Warusi injini ya Nene ya Rolls-Royce, kwa hiari yake, na Warusi wakainakili. Kutokana nayo ikapatikana MiG-15, iliyoruka mwishoni mwa 1947, na miaka mitatu baadaye, katika vita vya Korea, ndege hiyo ikawatoa jasho Wamarekani na washirika wao, Waingereza wakiwemo. Nani leo anaiita MiG-15 ndege ya Kiingereza? China nayo ilianza kwa kuunda MiG za Kirusi kwa leseni, Warusi wakaondoa mabingwa wao mwaka 1960 ugomvi ulipopamba moto, na Wachina wakabaki na michoro na mashine walizoachiwa. Hizo F-7 zinazorushwa na Jeshi letu la Anga ni tawi la mti huo huo: ni MiG-21 iliyokulia Chengdu. Kila fundi mkubwa alikuwa mwanafunzi wa mtu, na mwanafunzi hashiki randa yake mwenyewe siku ya kwanza.

Halafu wapo wanaojua kutengeneza mengi lakini wakachagua kununua. Sweden inaunda ndege yake ya kivita, Gripen, tangu miaka ya 1980, na injini yake ya mwanzo ilikuwa F404 hiyo hiyo ya Marekani, iliyofanyiwa marekebisho na kuundwa na Volvo nyumbani kwao. Hakuna Mswidi anayekosa usingizi. Taifa dogo lenye akili huamua wapi litie fedha zake: wao walizitia katika rada, mawasiliano ya ndege kwa ndege, na uwezo wa kutua kwenye barabara za kawaida.

Nimalizie na la hapa kwetu. Ami yangu anaunda mashua pwani ya Wete. Mkuku anauweka yeye, mataruma anayachonga kwa tezo, matundu ya misumari anayatoboa kwa keke, kalafati anapiga mwenyewe. Mwenye mashua akishaichukua anatia injini ya Yamaha. Sijamsikia mtu hata mmoja akisema kwamba mashua za ami ni za Wajapani.

MCHANGIAJI, FUONI (MWALIMU WA FIZIKIA, SKULI YA SEKONDARI)

Naomba nichangie upande wa ufundi, kwa sababu naona injini inazungumzwa kana kwamba ni kifaa kimoja tu kati ya vingi. Katika injini ya ndege ya kivita mna mapanga madogo, mengine hayazidi kiganja, ambayo huzungushwa na gesi yenye moto unaopita kiwango cha kuyeyuka cha madini yenyewe yaliyotengenezwa mapanga hayo. Hayayeyuki kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna vijia ambavyo hewa ya baridi kidogo hupita na kutokea katika matundu membamba, ikaufunika uso wa panga kama shela. Pili, kila panga humiminwa kwa aloi ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na madini mengine, ikapozwa polepole mno hadi panga zima likawa fuwele moja, bila ya ule mshono wa chembe na chembe ambao chuma cha kawaida huanzia kupasukia.

Sasa, haya niliyoyaandika yamo katika vitabu na mwanafunzi wangu wa kidato cha sita anayaelewa. Kisichomo vitabuni ni kasi gani upoze, tanuri liweje, mapanga mangapi kati ya mia utayatupa kabla ya kuujua mkono wake. Hiyo ndiyo siri inayouzwa kwa shida, na kwa sababu hiyo leseni ya kuunganisha injini kutoka vipande vilivyoletwa haimfundishi mtu kuziunda, kama vile kupasha moto chakula cha jana hakumfundishi mtu kupika. Ndugu yangu wa Wete ametaja Nene. Nene ilikuwa injini ya zama za mwanzo za ndege za jeti, ambazo fundi hodari aliweza kuifungua na kuipima kwa rula na maabara ya madini. Injini za leo ukizifungua unaona umbo, huoni jinsi lilivyopozwa.

MCHANGIAJI, CHAKE CHAKE

Mimi ni kijana na nasema kwa heshima zote: ulinzi ni jambo la Muungano, ndege hatuundi, na mafundi wa friji wenyewe hatunao wa kutosha. Mjadala huu unatuhusu nini?

MWANZILISHI WA MADA

Mwanangu wa Chake, unakuhusu siku serikali yoyote itakapoingia mkataba wa kununua chochote kikubwa, kiwe meli, mashine ya hospitali au mtambo wa umeme, ukasoma gazetini kwamba mkataba una "kuhawilisha teknolojia", yaani muuzaji kumpa mnunuzi ujuzi wake. Utataka kujua uulize nini. Sina jawabu refu zaidi ya hilo.

Bibi mwalimu wa Fuoni amenifungua macho, na nadhani hoja yake inampiga ndugu yetu wa Wete kuliko inavyonipiga mimi. China yenyewe aliyoitolea mfano, ilipoirusha ndege yake ya J-10 mwaka 1998, iliirusha kwa injini ya Kirusi, takriban miaka 40 tangu mabingwa wale waondoke. Injini yake ya WS-10 ilikuja kuaminiwa baadaye sana, baada ya fedha zisizohesabika. Kwa hiyo nakubali kuwa kunakili kunalipa. Nasema tu kwamba kunamlipa mwenye kuweza kungoja umri wa mtu mzima.

Juu ya Sweden nakubali nusu. Kuchagua ni haki, lakini aliyechagua huchagua pamoja na bwana wa injini. Mfano wangu ni Israel. Mwaka 1967 Ufaransa ilizizuia ndege 50 za Mirage ambazo Israel ilishaziagiza. Waisraeli wakatafuta njia nyengine, mojawapo ikiwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Frauenknecht, aliyewapitishia michoro ya injini ya Mirage na kufungwa kwa kosa hilo. Mwisho wake wakaunda Kfir, wakatia injini ya J79 ya Marekani, wakajiona wameshatoka katika mikono ya Mfaransa. Mwaka 1977 Ecuador ikataka kununua 24. Rais Jimmy Carter akasema hapana, na biashara ikafa, kwa sababu injini ya Kimarekani haiuzwi kwa mtu wa tatu bila ya ruhusa ya Washington. Bwana mmoja ameondoka, mwengine amekaa kitini mwake. Na Uturuki, tuliyoanza nayo barazani, mwaka 2025 waziri wake wa mambo ya nje, Hakan Fidan, alitamka hadharani kwamba leseni za injini za KAAN zilikuwa zikisubiri katika Bunge la Marekani.

Upo mfano mmoja unaonisumbua, nami nautaja kwa sababu haukai vizuri upande wangu. Korea ya Kusini ilipokuwa ikijiandaa kuunda KF-21, Marekani mwaka 2015 ilikataa kuipa teknolojia nne, ikiwemo rada ya kisasa. Wakorea wakaiunda rada hiyo wenyewe, na ndege ikaruka Julai 2022, huku injini zikiwa bado za Kimarekani, aina ya F414. Hapana waliyoambiwa ndiyo iliyowafundisha. Kwa hesabu hiyo, pengine mimi naiogopa hapana kupita kiasi, na India ya 1998 inaelekea kunishuhudilia kinyume.

Limebaki la mashua. Nilimpigia simu ndugu yetu wa Wete kumuuliza jambo moja: katika mashua za ami yake zenye Yamaha, fundi bado anaacha tundu la mlingoti? Akacheka. Akasema linakuwepo siku zote, na tanga hukunjwa likawekwa chini ya sitaha, kwa kuwa mafuta huisha na mashine huzima katikati ya mkondo wa Pemba, na hapo mtu hurejea nyumbani kwa upepo. Mashua hiyo, naam, ni ya ami yake bila ya shaka yoyote. Ila ndege ya kivita haina tundu la mlingoti, na yeye anasema rada ya Wakorea ndilo tundu lenyewe. Hapo hatujakubaliana, na namwachia nafasi aje aeleze mwenyewe rada itamrudishaje rubani nyumbani injini ikikosa kipuri.