Uyoga wa kwenye nyasi: ni wa mchwa au wa spora za kijani?

Mbezi_Juu: Wakuu, habari. Mvua za masika zimeotesha uyoga kwenye nyasi za uani. Kofia pana kama sahani, nyeupe, ina magamba ya kahawia katikati. Shina lina pete, na chini ya kofia ni kweupe. Jirani anasema ni uyoga wa mchwa, unaliwa. Nitahakikishaje?

KuvuDar: Mkuu, usibandike sufuria. Pete na magamba hayo vinaelekea zaidi Chlorophyllum molybdites, ule wa spora za kijani, unaotapisha na kuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Weupe wa chini usikudanganye: matamvua (yale makunjo membamba) huanza meupe, yakageuka kijani-kijivu spora (vumbi la uzazi la uyoga) zikikomaa. Wengi hunaswa hapo.

Piga chapa ya spora, yaani acha spora zidondoke kwenye karatasi uone rangi yake. Chukua kofia iliyokwisha kufunguka; iliyojifunga kama yai haitoi kitu. Kata shina usawa wa matamvua, laza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, maana spora nyeupe hazionekani kwenye nyeupe. Tone moja la maji juu ya kofia, funika na bakuli, acha usiku kucha. Zima feni. Ila kwa joto letu hili usipitilize saa 12: kofia huanza kuoza, na majimaji yake huacha doa la kahawia ambalo watu hulidhania spora. Ikitoka kijani, tupa wote.

Kichuguu: Wa mchwa, yaani Termitomyces, chapa yake ni krimu yenye uwaridi. Tena usiung'oe, uchimbe. Shina lake huendelea ardhini kama mzizi mpaka kwenye kiota cha mchwa, na katikati ya kofia pana chuchu ngumu inayotoboa udongo. Kutoona kichuguu si hoja, kiota huweza kuwa chini kabisa.

Mbezi_Juu: Na ikitoka nyeupe?

KuvuDar: Nyeupe si ruhusa. Amanita (jamii nyingine ya uyoga) zinazoua nazo spora zake ni nyeupe. Hata waridi peke yake haitoshi, uyoga wa jamii ya Entoloma wenye sumu una rangi hiyohiyo. Chapa inakataa, haithibitishi. Na ule mtindo wa kuchemsha na kitunguu uone kama kitabadilika rangi haupimi chochote.

Lenzi400: Mwenye darubini aangalie kwa ukuzaji wa mara 400. Za molybdites zina ukuta mnene, urefu mikromita 8 hadi 13, ncha moja kama imekatwa. Zikiwa mojamoja huonekana karibu hazina rangi, kwa hiyo kijani kitafute kwenye karatasi.