Ndoto mbaya ileile inarudi kila mara: wana Nyanda za Juu Kusini tupeane uzoefu

Mtu_wa_Sae (mleta mada)

Wakuu, habari za baridi. Juzi kijiweni Mwanjelwa mada iligeukia ndoto za kutisha. Kumbe benchi zima kila mtu ana yake, na wengi hawajawahi kuwaambia hata wake zao. Nikaona niilete hapa.

Sizungumzii ndoto mbaya ya usiku mmoja kwa sababu umeshindilia kiporo cha maharage saa tano. Nazungumzia ile inayorudi, mahali palepale, tukio lilelile, mpaka unaanza kuogopa kitanda.

Mimi yangu ni mtihani wa kidato cha nne. Wenzangu wote wanaandika, kalamu yangu haitoi wino. Nina watoto wawili sasa, lakini biashara ikiyumba tu, Necta hao. Inakuja na madeni, inaondoka na madeni, kwa hiyo nimeizoea.

Masharti: sema unaota nini, ulifanya nini, kilisaidia au hapana. Mganga mwenye tangazo lake apite mbali.

Gia_Nzito

Mkuu, mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar–Tunduma. Kuna ajali niliishuhudia kwenye mteremko wa kuingia Mbalizi. Ajali yenyewe sitaielezea, ndoto yake nitaieleza.

Natoka juu na mzigo. Nakanyaga breki, pedeli inazama mpaka chini. Naangalia saa ya upepo, mshale unashuka. Napachika gia ndogo, inakataa. Mbele kuna bajaji na watoto wa shule wenye masweta ya kijani, wanavuka bila haraka. Kabla sijawafikia nashtuka, mguu wa kulia umekandamiza ukuta, shuka limelowa jasho, na nje ni Julai ya Mbeya.

Barabarani dawa yetu ni pombe kali. Kulala unalala fasta, lakini kuanzia saa tisa usiku inakuja kwa hasira zaidi.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja. Nilienda kupima presha, akaniuliza nalalaje. Akanipa kazi niliyoiona ya kitoto: mchana andika ile ndoto kwenye daftari, kisha ibadilishe unavyotaka wewe, halafu hiyo mpya uipitie akilini kila siku dakika kumi hivi ukiwa macho. Ile ya zamani achana nayo.

Mimi sikugusa mwisho, nilibadilisha mwanzo. Kwenye ndoto yangu mpya napaki pembeni kabla ya mteremko. Nashuka na tochi, nagonga matairi moja moja, nafungua tangi za upepo nimwage maji, nasubiri mshale upande. Ndipo nashuka na gia nzito, taratibu, watoto wanamaliza kuvuka. Foleni ya Tunduma mnaijua, muda wa kufanya hilo zoezi upo tele.

Haikukatika ghafla. Ilianza kuchelewa, ikafika mahali naota nipo juu ya mlima tu, gari imesimama. Siku hizi inanikumbuka nikiwa nimeendesha usiku mfululizo bila kupumzika.

Kibao_Kata

Hapo kuna mkono wa mtu mkuu. Hilo gari kabla yako lilikuwa la nani? Aliyeliacha ana furaha?

Gia_Nzito

Aliyeliacha amestaafu, yuko Makambako anafuga nguruwe, Krismasi alinitumia nyama. Tuendelee.

Binti_wa_Kihesa

Shikamooni wakubwa. Yangu sijui niiite ndoto au vipi, maana nakuwa naona chumba changu kabisa.

Nasoma chuo hapa Iringa, nimepanga na mwenzangu. Kipindi cha mitihani nalala saa nane usiku, saa kumi na mbili niko macho, mchana najiibia kausingizi. Basi ghafla macho yanafunguka. Naona chandarua, naona ndoo, namsikia mwenzangu anaongea na simu, lakini kuinua hata kidole siwezi. Na kuna mtu amesimama upande wa miguuni. Anasogea, anakaa kifuani, pumzi inakuwa nzito. Nampigia mwenzangu kelele kwa nguvu zangu zote. Yeye anasema aliniona nimelala kwa amani tu, hata sijageuka.

Mama mwenye nyumba akasema nimekabwa na jinamizi, niweke Biblia chini ya mto na chumvi mlangoni. Biblia ninayo mpaka leo, naomba kila usiku na inanituliza. Chumvi niliirudisha jikoni, tulikuwa tumeishiwa.

Kilichopunguza ni kuacha kulala chali, na kulala muda uleule kila siku hata wiki ya mitihani. Ikinitokea sihangaiki tena kuinua mwili mzima. Nashughulika na kidole gumba cha mguu. Kikicheza hicho, mwili wote unafunguka. Na sasa najua inapita, kwa hiyo yule mtu wa miguuni hajanikaribia siku nyingi.

Kibao_Kata

Dada, huyo mtu ana sura ya nani?

Binti_wa_Kihesa

Hana sura kaka, na sitamtafutia.

MamaWawili_Njombe

Kamwene. Mimi anayeota ni mwanangu wa miaka mitano. Ikipita kama saa moja tangu alale, anakaa kitandani anapiga mayowe, macho wazi, hanijui mimi mama yake, ananisukuma. Asubuhi ukimuuliza anadai chai, hakumbuki chochote. Majirani wakaanza kumtaja bibi mmoja mzee wa watu, nikaona hapa tutamuumiza mtu bure.

Kituo cha afya waliniambia nisimtikise wala kumwamsha kwa nguvu. Niondoe vitu vya kujigonga, nikae karibu mpaka apitiwe. Wakasema homa na kukosa usingizi humzidishia, na wengi huacha wakikua. Kwa vile muda wake unajulikana, nilimwamsha taratibu robo saa kabla, kwa wiki kadhaa. Imesaidia.

Ila nesi alishtuka zaidi niliposema usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Baridi ya huku mnaijua. Alinifokea kweli: ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Jiko likahamia nje siku hiyohiyo, tukaongeza blanketi.

ID_Mpya_Leo

Nimefungua akaunti mpya kwa sababu humu mnanijua.

Mimi niko kwenye dawa za kila siku, zile za maisha. Najua siko peke yangu, utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulitaja asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe kuwa na VVU. Nilipoanza miaka ya nyuma, kidonge kilikuwa na efavirenzi. Jamani. Naota nafukiwa shimoni, nausikia udongo kabisa unavyodondoka usoni. Nikaamini ndugu zangu wameshanizika kimoyomoyo na mimi ndiyo naonyeshwa. Nililia sana miezi ile, na nilikaribia kuacha dawa.

Mshauri wa kliniki akaniuliza swali moja: unameza saa ngapi, na umekula nini? Nilikuwa nameza baada ya chakula cha usiku, wali na nyama ya mafuta. Kumbe mafuta huifanya ile dawa iingie kwa wingi mwilini, na ndoto kali ni moja ya maudhi yake yanayojulikana. Nikaanza kumeza wakati wa kulala tumbo likiwa halina kitu, ndoto zikapoa. Baadaye tulihamishiwa mchanganyiko wenye dolutegraviri, shimo sijaliota tena. Wapo wenzangu ambao hiyo mpya inawakosesha usingizi, wao wanaimeza asubuhi baada ya kuongea na kliniki.

Hofu yangu ni mtu aliye mahali nilipokuwa mimi anayetaka kuacha dawa kwa ajili ya ndoto. Usiache. Nenda kaseme.

Mtu_wa_Sae (mleta mada)

Asante sana uliyejitokeza. Na yule aliyeweka namba ya "kufunga ndoto kwa kuku mweupe", nimeomba ifutwe.

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma wote, mimi ni muuguzi. Nitaongeza machache, zamu inaanza.

Mnaona mko na mambo tofauti. Ndoto za kutisha nyingi hutokea kwenye hatua ya usingizi inayoitwa REM, ambayo hurefuka kuelekea alfajiri, ndiyo maana unaamka unaikumbuka yote. Pombe huikandamiza hatua hiyo mwanzoni mwa usiku, nayo hurudi kwa nguvu usiku wa manane ukishalevuka. Hayo ya Gia_Nzito. Katika hatua hiyohiyo mwili hulegezwa usiifuate ndoto. Binti wa Kihesa ubongo wake unaamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtoto wa Njombe ni usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, hata ndoto yenyewe pengine haipo.

Njia ya daftari imefanyiwa utafiti. Barry Krakow na wenzake wa Marekani waliichapisha mwaka 2001 kwenye jarida la JAMA, kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono, na ndoto zao zilipungua. Ipo pia dawa ya presha, prazosini, inayotumika kwa ndoto za waliopatwa na majanga. Utafiti mkubwa wa askari wastaafu uliotoka 2018 haukuona ikishinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, ingawa tafiti ndogo za kabla yake ziliipa matumaini. Msiende kuinunua kienyeji. Na mwenye propranololi ya moyo au presha anayeota vibaya, amwambie aliyemwandikia.

Gia_Nzito, huo mguu wa ukutani umenigusa. Ukiwa unarusha mateke au kupiga kelele mara kwa mara usingizini, hasa umri ukishapita hamsini, unapaswa kuonwa, kwa sababu huweza kutangulia magonjwa ya mishipa ya fahamu kama Parkinson. Mke wako anasema unakoroma na kukata pumzi? Kwa dereva hilo ni kubwa kuliko ndoto. Na yeyote anayeota halafu mchana anawaza kufa, asisubiri, aende hospitali leo. Kwenda kliniki ya afya ya akili siyo lazima uishie kulazwa hospitali ya Mirembe, watu wanaongea na kurudi kazini.

Gia_Nzito

Nimempigia mama watoto. Mateke hapana, ni mguu mmoja tu na ulishatulia. Kukoroma kasema "usiniulize". Nitapita kupima nikishusha mzigo.

Mjukuu_Tukuyu

Dada nesi, bibi yangu anaota nyumba inaungua. Iliungua kweli, yeye alitolewa kwa dirisha. Kuandika hajui, na anasema ukisimulia ndoto mbaya unaiita.

Zamu_ya_Usiku

Kuandika siyo lazima. Mkae naye mchana, jua likiwepo, aseme kwa Kinyakyusa chake. Usimlazimishe kusimulia moto. Mwombe akusimulie ndoto ambayo angependa kuiota badala yake, kwenye nyumba ileile. Abadilishe mwenyewe, wewe usimchagulie. Akianza kutetemeka, acheni, mleteni tuongee naye.

Mjukuu_Tukuyu

Nimemuuliza jioni hii. Nilifikiri atasema mvua inyeshe. Amekataa, anataka majirani wafike na ndoo moto ukiwa bado jikoni, na amewataja mmoja mmoja nani ashike ndoo ipi.