Mrejesho: sindano ya naltreksoni kwa yaya (kaka yangu mkubwa), Lubumbashi

Ndugu zangu, asanteni. Niliuliza kama ile sindano ya kupunguza hamu ya pombe ingemfaa yaya, ambaye lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa imemmaliza.

Sindano yenyewe hatukuipata. Ni miligramu 380, huchomwa kwenye tako kila baada ya wiki 4, na hutunzwa kwenye friji (na umeme wetu huu mnaujua). Kila famasi niliyouliza mjini haikuwa nayo. Daktari akampa dawa hiyohiyo kwa vidonge vya miligramu 50, kimoja kwa siku.

Aliyesema tuulize kwanza habari za tramadoli (dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni), Mungu akubariki. Yaya alikuwa akiimeza kwa ajili ya mgongo, nasi hatukujua. Naltreksoni ikikuta tramadoli mwilini, mtu anaweza kuugua vibaya, kwa hiyo alisubiri siku 7 hadi 10 bila tramadoli kabla ya kuanza. Ini nalo lilipimwa. Pombe aliiacha chini ya uangalizi wa daktari, maana kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege.

Ushauri wenu kwamba mke wake ampe kidonge mkononi asubuhi umesaidia kuliko vyote. Kichefuchefu cha mwanzo kilipita. Lakini kwenye matanga ya mjomba alikunywa, tena sana, na kesho yake akakataa dawa. Shemeji alimbembeleza akarudi. Sasa anakunywa mara mojamoja, na kazini amerudi. Kuacha kabisa, bado.