Mjadala: Mtangazaji anayejulikana kwa sauti tu, astahili wasifu Wikipedia?

Mleta hoja, Ibanda

Wandugu wa Bukavu, jambo hili linaniuma. Kuna mama mtangazaji wa redio ya jamii hapa mjini kwetu, mashariki mwa Kongo. Wasikilizaji wa Kabare, Walungu na Kalehe wanamtambua akishasema "jambo" tu. Kijana mmoja amemwandikia wasifu kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na sasa kuna aliyependekeza ufutwe. Mjadala wa kufuta kule hukaa siku 7 kwa kawaida, kwa hiyo muda ni mfupi. Sababu aliyotoa ni kwamba hakuna vyanzo huru vilivyomweleza kwa kina.

Mimi nasema ubaki. Tazameni wanahabari wetu ambao dunia imewaandika. Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, aliandikwa kila mahali baada ya kuuawa hapa hapa tarehe 13 Juni 2007. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, ikawa zamu ya Didace Namujimbo. Caddy Adzuba alijulikana mbali alipopewa tuzo ya Príncipe de Asturias huko Hispania mwaka 2014. Wote wanastahili, sibishi. Lakini mwanamke anayeingia studio kila siku na jioni akarudi kwake salama, yeye chanzo chake kitatoka wapi? Magazeti ya kuchapishwa hapa ni machache mno. Watu wetu wanapata habari kwa redio.

Kutoka Kadutu

Yaya, mkubwa wangu, mama huyo namsikiliza tangu nikiwa mtoto. Hata hivyo, ufutwe. Nimefungua viungo vyote vilivyowekwa chini ya wasifu ule. Kimoja ni ukurasa wa redio yake mwenyewe. Kingine ni mahojiano anamojieleza. Cha tatu ni habari ya warsha ambamo jina lake limo katika orodha ya walioalikwa, basi. Swali la wahariri si kama tunampenda. Wanauliza ni nani asiye na faida naye aliyekaa akachunguza kazi yake, akaiandika.

Na tusisahau coupage. Sote tunajua mwenye shughuli anavyompa mwanahabari noti kidogo ili habari yake itoke. Mshahara ni mdogo au haupo kabisa, simlaumu anayepokea. Ila habari iliyolipiwa haiwezi kuwa chanzo huru. Tukilegeza kanuni kwa ajili ya mama huyu mwema, kesho kila mwanasiasa wa mkoa ataleta makala 3 alizozilipia, na tutakosa la kumjibu.

Mwalimu, Bagira

Hapo kwenye coupage umesema kweli kabisa. Lakini mnaongea kana kwamba chanzo lazima kiwe karatasi. Kanuni za Wikipedia zinakubali kipindi cha redio, mradi kilirushwa na chombo kinachoaminika na kanda yake imehifadhiwa mahali ambapo mtu anaweza kuipata. Hata lugha haibagui: Kiswahili kinafaa, Mashi pia. Kwa hiyo kitu kinachotukwamisha ni hifadhi. Radio Maendeleo ilianza mwaka 1993, na mwaka 1999 wakuu wa RCD, waasi waliotawala mji, wakaifunga. Redio ngapi za Kivu zimeporwa vyombo tangu wakati ule? Kanda zikipotea, ushahidi wa kazi ya watu hawa umepotea nao.

Angalizo moja: kipindi cha redio yake kumhusu yeye hakihesabiki. Redio nyingine ikimchambua, hicho kinahesabika.

Mwanahabari, Nguba

Mimi nauliza jambo ambalo hamjaligusa: je, yeye mwenyewe ameulizwa? Mji huu uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari 2025. Wasifu unaotaja alikozaliwa, mume wake, na vipindi alivyofanya kuhusu waasi, unasomwa na kila mtu, mwenye nia njema na asiye nayo. Tena unaweza kubadilishwa na yeyote. Mwaka 2005, John Seigenthaler, mwanahabari mzee wa Marekani, aligundua wasifu wake ulikuwa umemhusisha na mauaji ya akina Kennedy. Uongo mtupu, na ulikaa zaidi ya miezi 4. Yeye alikuwa na jina, akapiga kelele, dunia ikasikia. Mtangazaji wa hapa akizushiwa kwamba ni wa upande fulani, hatapewa hata wiki moja ya kujitetea.

Mleta hoja, Ibanda

Kaka wa Nguba, hilo ni zito. Aulizwe, na akikataa mimi wa kwanza nitaomba ufutwe. Akikubali, tuondoe familia na alikozaliwa, tubakize kazi.

Ila kuhusu vyanzo siachii. Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, wasifu wake ulikataliwa Mei 2018 kwa sababu hii hii. Oktoba akapata Nobel, kwa kazi iliyochapishwa mwaka 1985. Sifa alikuwa nayo muda wote huo, waliokosekana ni wa kuiandika.

Kutoka Kadutu

Strickland alikuwa na machapisho yaliyonukuliwa na wenzake, Yaya. Kwa nini tusiandike vizuri ukurasa wa redio, mama akapata aya yake humo?

Mleta hoja, Ibanda

Kwa sababu ndivyo wanawake wanavyopotea, ndani ya jina la shirika. AFEM, chama cha wanawake wa habari Kivu Kusini, kipo tangu 2003. Wanachama wake wengi wamepeleka hewani ushuhuda wa akina mama waliobakwa, na Chouchou Namegabe alipewa tuzo ya uanahabari ya Knight mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Wenzake waliobeba vinasa sauti hadi vijijini, nani anawataja?

Kutoka Kadutu

Basi leteni chanzo kimoja kilichotoka nje ya redio yake, kinachomweleza kwa aya kadhaa. Tasnifu ya mwanafunzi wa udaktari, ripoti, kipindi cha redio nyingine, chochote. Nikikiona kabla siku 7 hazijaisha, nabadilisha kura yangu. Bila hicho, msimamo wangu ni kufuta na kuhamishia ukurasa wa redio.